Ngazi Ilikuwa ya Kupandia Tu

Samaki anayepanda mto ana wapambe. Pale bwawa la Bonneville, kwenye mto Columbia nchini Marekani, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Portland, amejengewa ngazi ya zege na kuwekewa dirisha la kioo, na nyuma ya dirisha jingine kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kumhesabu: chinook mmoja, sockeye wawili (wote hao ni aina za samoni), lamprei mmoja. Watoto wa shule hubandika pua kwenye kioo na kupiga kelele kila samoni mkubwa anapokatiza. Hata msomaji uliyeko Tanga au Bujumbura, ukiambiwa umfikirie samoni, nadhani picha inayokujia ni ya samaki anayeruka maporomoko kuelekea juu.

Anayeshuka hana mpambe. Urefu wake ni wa kidole, akizidi sana ni kiganja. Ubavu wake ni wa fedha, magamba yake yanabanduka ukimgusa tu, na hupita sana usiku, mara nyingi kichwa kikiwa kimeelekea kule alikotoka huku maji yakimpeleka kinyumenyume. Katika mto Columbia na tawimto lake la Snake, mamilioni ya hawa vifaranga wa samoni hushuka kila mwaka kuelekea bahari ya Pasifiki, na kwa miaka mingi njia yao haikupewa uzito kama ya wazazi wao.

Naishi upande wa jimbo la Washington wa mto huu, na misimu kadhaa ya kuchipua nimefanya kibarua kwenye vituo vya kupima vifaranga. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Unavaa gambuti na koti la mvua, unaletewa samaki waliokwisha kutiwa dawa ya usingizi kidogo, unamtambua kila mmoja ni wa aina gani, unampima urefu kutoka puani hadi kwenye panda ya mkia, unaangalia kama pezi dogo la mgongoni limekatwa (likiwa limekatwa, huyo ametoka kwenye shamba la kuzalishia samaki), kisha unamrudisha kwenye maji safi azinduke. Wengine tumboni wana chipu ya milimita 12 iliyodungwa kwa sindano. Haina betri. Inaamka pale tu samaki anapopita kwenye antena, inataja namba yake, inalala tena. Kwa namba hizo ndipo wataalamu wanapojua nani alipita bwawa gani, saa ngapi, na nani hakuonekana tena.

Shemeji yangu, mume wa dada, alipokuja kututembelea nilimpeleka Bonneville kama ninavyowapeleka wageni wote. Yeye ni fundi mitambo kwenye kituo kimoja cha umeme wa maji kule nyumbani, kwa hiyo nilitegemea atakaa kwenye ukumbi wa mashine mpaka tufukuzwe. Akatazama samaki kwenye kioo dakika chache, akaniuliza:

"Shemeji, hawa nimewaona wanapanda. Watoto wao wanarudije baharini?"

"Wanapita humu humu."

"Humu wapi? Kwenye mashine?"

"Wengine kwenye mashine, ndiyo."

Akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo miaka yote sijalisikia kwa mgeni mwingine: "Kimo cha maji ni mita ngapi, na inazunguka mara ngapi kwa dakika?"

Basi makala hii ni jibu refu la swali la shemeji, kwa sababu siku ile nilimjibu kwa kubabaisha, tena tulikuwa tumeacha wali jikoni.

Bonneville lilianza kuzalisha umeme mwaka 1938 na lilijengwa likiwa na ngazi za samaki tangu mwanzo. Hilo lisichukuliwe kirahisi. Juu zaidi kwenye mto huo huo, Grand Coulee lilijengwa bila ngazi yoyote, na lilipokamilika mwaka 1942 lilikuwa limefunga moja kwa moja mamia ya kilomita za mazalio. Kwa hiyo wahandisi wa Bonneville walikuwa watu waliojali. Ila walimjali mzazi. Mzazi ni mkubwa, anaonekana, anauzwa, na wavuvi wana kura. Kuhusu mtoto, imani iliyokuwepo ni kwamba kwa udogo wake atapenya kwenye mitambo bila shida, au atapita na maji yanayomwagwa wakati wa mafuriko.

Kama bwawa lingekuwa moja, labda imani hiyo isingeleta maafa. Lakini mabwawa yaliendelea kuja. The Dalles mwaka 1957, lililoyazamisha maporomoko ya Celilo ambako makabila ya mto huu yalivua na kufanya biashara kwa maelfu ya miaka. John Day. McNary. Halafu manne kwenye mto Snake: Ice Harbor, Lower Monumental, Little Goose, na la mwisho Lower Granite mwaka 1975. Kifaranga anayetoka jimbo la Idaho leo anapita kuta nane kabla ya kuonja chumvi.

Hapo hesabu ndogo inageuka kuwa kubwa. Chukua vifaranga 100, sema kila bwawa linaua asilimia 5 tu, idadi ambayo kwa macho ya fundi si mbaya. Baada ya mabwawa manane wamebaki 66. Kila bwawa likiua asilimia 10, wanabaki 43. Na hapo hujamhesabu aliyeliwa njiani, aliyechoka kwenye maji yaliyosimama, wala aliyetoka akiwa hai lakini ameumia akafia baharini.

Sasa swali la shemeji. Mitambo ya mto huu mingi ni ya aina ya Kaplan: kimo cha maji (yaani urefu ambao maji huanguka) si kikubwa, Bonneville ni kama mita 18 hivi, Lower Granite kama 30. Gurudumu ni kubwa mno, mapanga yake ni machache, matano au sita, na kasi yake haifiki mizunguko 100 kwa dakika. Watu hudhani turbaini husaga kila kinachoingia. Haisagi. Kifaranga mdogo ana nafasi kubwa ya kupita katikati ya mapanga bila kuguswa. Vipimo vya miaka mingi vinaonyesha kwamba kwa kawaida kati ya 85 na 95 katika kila 100 hutoka wakiwa hai. Wanaokufa hawafi wote kwa panga. Kuna mwanya mwembamba kati ya ncha ya panga na ukuta, na mwingine kati ya mzizi wa panga na kitovu. Maji hupita hapo kwa nguvu na samaki akivutwa humo anapasuka. Kuna mahali ambapo mikondo miwili ya kasi tofauti inakutana na kumnyoa magamba. Na kuna shinikizo.

Shinikizo ndilo lililonichukua muda kulielewa. Kifaranga kwa kawaida anaogelea karibu na uso wa maji, lakini mdomo wa mtambo uko chini sana. Kwa hiyo anazamishwa, shinikizo linapanda mara kadhaa, kisha akishapita chini ya panga linashuka ghafla, ndani ya muda usiofika sekunde moja, hadi chini ya shinikizo la kawaida la hewa. Hewa iliyomo kwenye kibofu chake cha kuelea inatanuka kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Samoni ana bahati kidogo, maana kibofu chake kimeungana na koo na anaweza kuicheua hewa hiyo, akiwahi. Asipowahi, macho yanatoka, mishipa inapasuka, kibofu chenyewe kinachanika. Lamprei, ambaye ni samaki wa ajabu asiye na taya wala kibofu cha hewa, anapita hapo bila kujua kilichotokea.

Anayetoka mzima hajamaliza safari. Anatokea kwenye maji yanayochemka akiwa na kizunguzungu, na wenye kumla wanajua saa ya chakula. Kuna samaki wa asili ya mto huu aitwaye pikeminnow, ambaye mabwawa yamempa neema ya maji matulivu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna mpango wa kumlipa mvuvi yeyote atakayeleta pikeminnow mwenye urefu wa kuanzia inchi tisa. Hulipwa dola kadhaa kwa kila kichwa, na zaidi kadiri unavyoleta wengi. Watu wamechukua likizo ya miezi kwa ajili hiyo, na wapo waliovuna zaidi ya dola 100,000 kwa msimu mmoja. Juu angani kuna buabua na mnandi. Huko kwenye mlango wa mto, kwenye kisiwa cha East Sand, ndege wakishaondoka watafiti hupita ardhini na mashine za kusomea chipu, na hukuta maelfu ya namba za vifaranga zikiwa zimelala kwenye mavi ya ndege. Nilipoambiwa hilo mara ya kwanza nilidhani nataniwa.

Hatua ya kwanza ya kuwaokoa ilikuwa ya kuwazuia wasiingie kwenye mtambo. Ndani ya mdomo wa mtambo huteremshwa kichujio kikubwa cha chuma kilicholazwa kwa mshazari. Samaki akikutana nacho anapandishwa juu kwenye kisima kilichomo ndani ya ukuta wa bwawa, anapenya tundu, anaingia kwenye mfereji, na mfereji unamtoa upande wa pili au unampeleka kwenye kituo cha vipimo, yaani mezani kwangu. Ni kazi nzuri na imeokoa samaki wengi. Lakini yule lamprei mchanga, mwembamba kama uzi wa kiatu, nguvu za kuogelea hana; kichujio kinachomfaa samoni kinamnasa yeye kati ya nondo zake. Turbaini isingemdhuru sana, mwokozi akamuua. Makabila ya hapa wanamthamini lamprei kuliko wageni tunavyoweza kufikiri, kwao ni chakula cha heshima, na iliwachukua miaka mingi kusikilizwa.

Hatua ya pili ilikuwa tishari. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ilianza kuwakusanya vifaranga kule Snake na kuwapakia kwenye malori, kisha kwenye matishari, kuwapitisha mabwawa yote na kuwamwaga chini ya Bonneville. Tishari linavuta maji ya mto muda wote na kuyatoa, ili samaki aendelee kunusa njia aliyopita, maana kwa harufu hiyo ndipo atakapopajua kwao akirudi mtu mzima. Safari ya siku mbili tu, na karibu wote hufika wakiwa hai. Kwenye karatasi jambo limekwisha.

Mimi sikuwahi kulipenda tishari, na nitasema kwa nini. Hesabu yenye maana ni ya wanaorudi, siyo ya wanaofikishwa. Na wanaorudi kutoka kwenye tishari hupotea njia zaidi ya wenzao, wanapanda mito isiyo yao. Tena kuna nyakati za msimu ambapo faida ya kubebwa inafifia kabisa ukilinganisha na aliyeachwa mtoni apambane. Ukiwabeba wote umeweka mayai yote kwenye kapu moja, na ukishazoea kuwabeba huna tena haraka ya kurekebisha bwawa. Hata hivyo mwaka wa ukame, maji yakiwa kidogo na moto, tishari huwa ndilo jambo la huruma kuliko yote. Kwa hiyo naliacha hapo.

Kinachofanana zaidi na mto wa zamani ni kumwaga maji: kufungua milango ya bwawa yapite bila kuzalisha umeme, na samaki apite nayo. Anayepita huko huumia kidogo kuliko kwingine. Lakini maji yakianguka kwa nguvu kwenye dimbwi lenye kina hubeba hewa hadi chini, na shinikizo la huko huiyeyusha kupita kiasi. Samaki akiivuta kwa matamvua, mapovu hujitokeza kwenye mapezi, kwenye macho, kwenye mstari wa ubavuni. Mwaka 1968 bwawa la John Day lilifungwa kabla mitambo yake haijawa tayari, maji yote yakalazimika kumwagwa, na samoni walikufa kwa wingi kwa ugonjwa huo wa mapovu. Ndiyo maana kwenye nyuso za milango hiyo walikuja kujenga kingo fupi za zege zinazoyarusha maji mbele yateleze juu ya uso badala ya kuzama. Na ndiyo maana sisi pale mezani tunamshika kifaranga chini ya kioo cha kukuzia na kumkagua mapezi: tukiona mapovu kwa wengi, taarifa inapanda juu. Siku hizi wakati wa machipuo majimbo ya Washington na Oregon yanaruhusu hewa iliyoyeyuka ifike asilimia 125 ya kiwango cha kawaida. Zamani 110 ilikuwa ndiyo sheria.

Kila lita inayomwagwa ni umeme usiouzwa. Ugomvi wa jambo hilo umejaza makabati ya mahakama. Mwaka 1991 sockeye wa mto Snake aliorodheshwa kuwa kiumbe aliye hatarini kutoweka. Mwaka uliofuata sockeye aliyefika ziwa Redfish kule Idaho, kilomita 1,450 hivi kutoka baharini, alikuwa mmoja tu, dume, watu wakampa jina la Lonesome Larry. Tangu hapo majaji wamekataa mipango kadhaa ya serikali ya kuwalinda samaki hao, na mwaka 2005 jaji James Redden aliamuru maji yamwagwe wakati wa kiangazi mitambo ikipenda isipende. Kwa jicho la mtu wa kibarua, naweza kusema tu kwamba kipimo cha kuvuka hai, asilimia 96 kwa samaki wa machipuo na 93 kwa wa kiangazi, ambacho mpango wa mwaka 2008 uliyadai mabwawa yakifikie kila moja, kilibadilisha tabia za watu kazini. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na maoni. Baada ya hapo kila bwawa lilikuwa na mtihani.

Mabwawa yalifaulu mtihani huo kwa kiasi kikubwa kwa jambo ambalo likielezwa linaonekana la kitoto, na ndilo nililotaka kumwonyesha shemeji. Milango ya kawaida ya kumwagia maji haifunguki juu. Inainuka kutoka chini, na upenyo wake uko mita 15 hadi 18 chini ya uso wa maji. Kifaranga aliye juu anafika ukutani, anaona ukuta, anazungukazunguka. Njia ipo, ila iko kule chini kwenye giza ambako maumbile yake hayamwambii aende. Anakaa masaa, wakati mwingine siku, akisubiri, huku pikeminnow naye akisubiri. Basi mwaka 2001 kule Lower Granite wakaweka chombo cha chuma chenye uzito wa mamia ya tani mbele ya mlango mmoja, chenye mdomo juu, ili maji yateleze kutoka kwenye uso wenyewe kama yanavyovuka mwamba. Vifaranga wakaanza kupita. Maji kidogo yakapitisha samaki wengi kuliko maji mengi ya milango ya zamani. Ice Harbor wakafuata mwaka 2005, Lower Monumental mwaka 2008. Pale Bonneville walichukua mlango wa zamani uliokuwa wa kupitishia barafu na magogo, kwenye kona ya jengo la pili la mitambo, wakaufanya kuwa njia ya samaki mwaka 2004. Mlango wa takataka! Samaki walikuwa wameshautumia wenyewe siku zote ulipofunguliwa. Ilikuwa ni kutazama tu.

Miaka zaidi ya sitini tangu Bonneville lianze kazi. Wakati huo wote kifaranga alikuwa kwenye uso wa maji, na tundu lilikuwa chini.

Na kuna bwawa moja, Wells, la mwaka 1967, katikati ya Washington, ambako wajenzi kwa sababu za kubana nafasi waliweka milango ya kumwagia maji juu ya mitambo badala ya pembeni. Baadaye ilionekana kwamba umbo hilo, kwa marekebisho machache kwenye midomo ya milango, linawavuta karibu vifaranga wote juu ya mitambo kwa maji kidogo tu. Hawakulichora kwa ajili ya samaki. Likatokea kuwa mojawapo ya njia bora za kushukia mto mzima.

Kwa anayelazimika kupita kwenye mashine, mashine nazo zimeanza kuchorwa upya. Ice Harbor wamefunga magurudumu mapya kuanzia mwaka 2019, yaliyochorwa ili shinikizo lisishuke ghafla na mianya iwe michache, na majaribio yakaonyesha zaidi ya samaki 98 katika 100 wanatoka wazima. Shemeji alipenda sana namna ya kujaribu. Kwanza hupitishwa samaki bandia, kijichombo cha plastiki chenye ukubwa wa kifaranga kilichojaa vipima shinikizo na mtikisiko, kilichobuniwa kwenye maabara ya taifa iliyoko kaskazini-magharibi humu humu. Kisha hupitishwa samaki halisi waliofungwa viputo vidogo visivyojazwa. Wakishatoka upande wa pili viputo hujaa gesi, samaki huelea, na watu kwenye boti huwaokota na kuwakagua mmoja mmoja. Nilimwambia pia kwamba msimu wa samaki mitambo huendeshwa ndani ya asilimia moja ya ufanisi wake wa juu kabisa, kwa kuwa maji yanapopita bila kupigana na panga samaki naye hupata nafuu. Akasema, "Hiyo hata sisi tungefanya, bure."

Wako wanaosema yote haya ni viraka, na dawa ni kubomoa mabwawa manne ya Snake. Makabila ya Nez Perce, Yakama, Umatilla na Warm Springs, yenye mikataba ya mwaka 1855 inayowahakikishia kuvua, yamesema hivyo kwa sauti ya juu kuliko wote. Wakulima wa ngano, wanaosafirisha nafaka kwa maji kutoka Lewiston hadi baharini, wanasema wao watakwenda wapi. Mwaka 2023 serikali ilisaini makubaliano yaliyoelekea upande wa kwanza. Juni 2025 rais mwingine akayafuta. Kule Klamath, kusini kidogo, mabwawa manne yaliondolewa hadi mwaka 2024 na samoni wakapanda ndani ya miezi. Mimi naamini manne ya Snake yatatoka siku moja. Sitegemei kuiona hiyo siku nikiwa bado navaa gambuti.

Shemeji alirudi nyumbani na swali jingine ambalo halikuwa limenijia kabisa. Kule kwetu hakuna samoni. Lakini yuko mkunga wa mtoni, samaki mrefu kama nyoka, na safari yake ni ya samoni iliyogeuzwa. Mito inayoingia Bahari ya Hindi, Tana, Galana, Pangani, Rufiji hadi kusini kwa Zambezi, ina mikunga wa aina nne. Wanazaliwa baharini, inaaminika ni huko mashariki ya Madagaska, wanafika pwani wakiwa vijidudu vyenye mwili wa kioo, wanapanda mto, wanakaa maji baridi miaka kumi au zaidi, kisha wanabadilika rangi na kushuka kwenda kuzaa mara moja na kufa.

Ona tofauti yake. Columbia inapoteza watoto, na samoni hutaga maelfu ya mayai kwa sababu hiyo. Mkunga anayefika kwenye mtambo wa umeme ni mama aliyekula miaka yote hiyo na hajazaa hata mara moja. Tena ni mrefu. Wakubwa wao huzidi mita moja. Ule unafuu wa udogo niliousema hapo juu hana. Uwezekano wa kuguswa na panga unakwenda na urefu wa samaki, na mabwawa yetu makubwa yenye kimo kirefu hayatumii Kaplan, yanatumia Francis, ambayo mapanga yake ni mengi na yamebanana. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya aina hiyo, kila mmoja megawati 235, nyuma ya ukuta wa zaidi ya mita 130. Lilianza kujazwa Desemba 2022. Mkunga aliyekwisha kupanda kabla ya siku hiyo, kama bado yu hai huko juu, siku zake za kushuka ziko mbele.

Njia za Columbia hazihamishiki zilivyo. Mkunga hafuati uso wa maji kama samoni. Hupenda chini, hutafuta matundu, na akigusa chuma hurudi nyuma kwa hofu kisha hujaribu pengine. Ulaya, ambako sheria ya mwaka 2007 inadai angalau asilimia 40 ya uzito wa mikunga wazima ambao wangekuwepo bila mkono wa binadamu wafike baharini, kwenye vituo vidogo huweka nondo zenye nafasi ya milimita 10 hadi 20 zilizolazwa mshazari, na njia ya pembeni. Kwenye kituo kikubwa nondo za namna hiyo zingeziba kwa majani siku ya kwanza ya masika. Kwa hiyo Ireland, kwenye mto Shannon, ambako kituo cha Ardnacrusha kinafanya kazi tangu mwaka 1929, wavuvi hulipwa kuwavua mikunga juu ya bwawa na kuwapitisha kwa gari. Lile tishari langu nisilolipenda limenifuata. Na safari hii siwezi kulibeza, maana mkunga anayekwenda baharini kuzaa hana haja ya kukumbuka njia ya kurudi.

Njia nyingine ni kupunguza au kusimamisha mitambo usiku ambao wanashuka. Mikunga wa Ulaya hushuka wengi wao kwa usiku chache tu za mwaka, zenye giza, mto ukijaa na maji yakichafuka. Kama na wa kwetu wana usiku wao, gharama haitakuwa ya mwaka mzima, tena itaangukia wakati maji ni mengi na mengine yanamwagwa hata hivyo. Shida ni kuujua huo usiku.

Shemeji ameanza na alichonacho. Kituo chake kina machekeche ya kuzuia takataka mbele ya midomo ya mitambo, na watu wa zamu huyasafisha. Amewaomba, kwa maelewano tu bila barua, waandike kwenye daftari la zamu kila wanapomkuta mkunga amebanwa hapo: tarehe, saa, mvua, kina cha maji, mwezi uko vipi, megawati ngapi zilikuwa zinazalishwa. Juzi alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza kwa WhatsApp, maandishi ya mikono mitatu tofauti, akauliza kama kuna safu amesahau. Nikamwambia aongeze ya urefu, ampime kutoka puani hadi ncha ya mkia, na kama samaki amekatika aandike kipande kipi.